Masizi ya Sufuria

Mwaka 2008 mama alianza kunifungia nyumbani. Tulikuwa tukiishi Migori mjini, na kutoka pale hadi mpakani Isebania ni mwendo mfupi wa matatu. Ng'ambo ya mpaka, Mwanza na Shinyanga, watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, na taarifa ya habari ya saa moja jioni mama aliisikiliza akiwa amesimama. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna aliyenieleza kitu, ila nilijua mlango ukibishwa nisiuendee.

Kabla mwaka haujaisha nikapelekwa kwa nyanya, Homa Bay. Safari ile naikumbuka kwa pua kuliko kwa macho: miwa ya Awendo, vumbi la Rongo tulipokata kushoto, halafu, baada ya kulala na kuamka, harufu ya dagaa, ambao kwetu hakuna anayewaita jina jingine ila omena. Niliambiwa kilima cha Asego kile pale. Niliona kivuli tu.

Watu wakimwona mtoto kama mimi hutazama ngozi. Lakini ile rangi iliyopungua kwenye ngozi huhitajika ndani ya jicho pia, ndiyo maana wengi wetu huzaliwa na macho yasiyoona mbali, yanayochezacheza yenyewe, na mwanga mkali huyachoma. Ngozi niliweza kuisitiri kwa kofia pana na shati la mikono mirefu. Lililonitesa ni ubao. Shule yangu ya kwanza niliketishwa nyuma kwa sababu nilikuwa mrefu, nikahesabiwa mzito wa kichwa. Uchungu wake ninao mpaka leo.

Homa Bay niliketi dawati moja na msichana tuliyemwita Nyar Rusinga, binti wa kisiwani. Naye alikuwa mgeni kwa namna yake. Bibi yake alikuwa bado anazungumza Kisuba, lugha ambayo Wasuba wengi wameiacha wakashika Kijaluo, na neno la kikwao likimponyoka darasa zima lilicheka. Siku ya pili au ya tatu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huoni?" Nikasema naona. Akalitazama daftari langu. Halikuwa na kitu. Basi akalivuta la kwake katikati ya dawati, akaanza kunakili ubao kwa herufi za ukubwa wa kidole gumba, kila moja ikila mistari mitatu. Neno "vitenzi" lilijaza nusu ya ukurasa. Alikuwa akiuma ulimi akiandika, na wino ulimchafua kiganja chote.

Madaftari yake yakawa yanaisha upesi, akigombezwa kwao, wala hakusema sababu. Nyanya alipoipata habari alibeba gorogoro mbili za mahindi na madaftari sita, akampelekea mama wa msichana yule.

Nyanya alikuwa mchuuzi wa omena. Omena huvuliwa usiku usio na mwezi: wavuvi huwasha karabai majini, samaki wakaufuata mwanga. Asubuhi wanawake huwaanika juani juu ya nyavu kuukuu, kazi ambayo mimi nilikatazwa kuigusa. Kwa hiyo ufuo wangu ulikuwa wa jioni. Taa za ziwani sikuweza kuzitenganisha, zilikuwa ukanda mmoja wa maziwa, lakini Nyar Rusinga alinihesabia. "Ya tatu kutoka kushoto ni ya baba." Nikawa naitazama hiyo.

Sensa ya 2019 ilitupata watu 9,729 wenye ualbino katika Kenya nzima. Pale ufuoni nilikuwa peke yangu. Jioni moja mama mmoja alimvuta mwanawe mkono asicheze nami. Nyanya hakumtukana. Alimsimulia kisa cha Simbi Nyaima, lile ziwa la karibu na Kendu Bay, kwamba zamani palikuwa kijiji chenye karamu, akaja kikongwe usiku akafukuzwa, maji yakakifunika kijiji chote isipokuwa mwanamke aliyemkaribisha. Kisha akaendelea kupima omena.

Yule mtoto alirudi kesho yake na mwenzake. Tukawa wanne, na mchezo wetu ulikuwa brikicho. Kila mara nilikamatwa wa kwanza, maana gizani nilionekana kama shuka iliyoanikwa. Nyar Rusinga akachoshwa na jambo hilo. Akaingia jikoni kwa nyanya, akatoka na sufuria ya ugali, akapangusa masizi ya kitako chake kwa kiganja, akanipaka usoni, shingoni, mikononi, hata nyuma ya masikio. Nililala chini ya mtumbwi uliopinduliwa nikisikia nyayo zikipita, zikirudi, zikipita tena. Sikupatikana! Niliitwa kwa jina, mara nyingi, na watu watatu waliokuwa wakinitafuta mimi.

Nilipojitokeza nikiwa mshindi, wenzangu wote wakataka kupakwa. Nyanya alitukuta wanne weusi tii, meno tu, na sufuria yake imepanguswa safi. Alitugombeza sote kwa pumzi moja, akateka maji, akaweka beseni na kipande cha sabuni ya mche uani, akatupanga mstari. Zamu yangu ilikuwa ya nne.