Amepotea au Amepotezwa?

Mtaani kwetu Kisauni, mjini Mombasa, kuna vitenzi viwili ambavyo hatuvichanganyi. Mtoto akiachana na mamaye katika msongamano wa soko la Kongowea, twasema amepotea. Kijana akichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, akatiwa garini na asionekane tena katika kituo chochote cha polisi, twasema amepotezwa. Nilivijua vitenzi hivi utotoni, kabla sijajua kwamba kuna somo linaloitwa mofolojia.

Chuoni nilifundishwa kuvieleza. Mzizi ni mmoja, ila viambishi hubadilisha uhusiano wa watu waliomo katika sentensi. "Amepotea" haihitaji mtu wa pili. Kupotea ni jambo linaloweza kumfika mtu akiwa peke yake. "Amepotezwa" ni kauli ya kutendwa inayotokana na "poteza", na haiwezi kuwapo bila mtenda. Mtenda huyo tungetazamia atajwe baada ya "na": amepotezwa na fulani. Mtaani, sentensi hukomea kwenye kitenzi. Kila mtu anajua kuna aliyetenda, lakini hakuna anayethubutu kumtaja.

Katika insha hii nataka kueleza kwa nini naamini kwamba kulinda haki za binadamu katika nchi inayoshambuliwa na magaidi ni, kwa sehemu kubwa, kudai sentensi hiyo ikamilishwe: nani amemchukua nani, kwa kosa gani, kwa sheria ipi, na ni hakimu gani aliyearifiwa.

Nianze na upande ambao watetezi wa haki hulaumiwa mara nyingi kwa kuusahau. Kenya imeumia. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate jijini Nairobi. Juni 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni, kaunti ya Lamu. Novemba mwaka huohuo abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walitenganishwa na wenzao, wakapigwa risasi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Hadi mashambulizi yalipokwisha, watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Leo nalala katika bweni kama lao, na kila Aprili ikifika nakumbuka kwamba waliokufa walikuwa vijana wa rika langu la sasa, wengine wakiwa wameamka kusali na wengine wangali usingizini. Haki ya kuishi ndiyo waliyonyang'anywa. Serikali isiyowakinga raia wake dhidi ya wauaji wa aina hiyo haiwezi kujisifu kwamba inaheshimu haki za binadamu. Kwa hiyo siandiki kuwapinga polisi wafanyapo kazi yao. Naandika kuuliza kazi hiyo ni ipi, na mipaka yake iko wapi.

Swali hili linatokana na yaliyofuata mashambulizi. Aprili 2014 serikali ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kilichowafikisha huko aghalabu kilikuwa sura, jina na mtaa wanaoishi. Mwaka uliofuata, Septemba 2015, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nchini Kenya ilitoa ripoti kuhusu vita dhidi ya ugaidi. Tume iliorodhesha visa zaidi ya 120 vya ukiukaji wa haki, vikiwemo vya watu 25 waliouawa bila kufikishwa mahakamani na 81 waliotoweshwa.

Takwimu husomeka haraka. Nyumba ya aliyetoweshwa haisomeki haraka hivyo. Moja naijua, kwa kuwa iko hatua chache kutoka kwetu. Mwenye nyumba alikuwa fundi wa simu. Usiku mmoja walikuja watu wenye bunduki, bila sare na bila hati yoyote, wakaondoka naye. Mkewe alikwenda kituo cha kwanza akaambiwa hayupo, akaenda cha pili akaambiwa vivyo hivyo, akaenda hadi chumba cha maiti. Je, yule fundi alikuwa na hatia? Mtaani wapo wasemao alikuwa nayo na wapo waapao hakuwa nayo. Mimi siwezi kuamua, na hapo ndipo penye tatizo lenyewe: hakuna mtu yeyote aliyepewa nafasi ya kuamua.

Mkewe yungali katika hali ambayo haina jina zuri. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Watu huja kumpa mkono wa tanzia, hitma husomwa, na siku zikiisha hutoka akaanza maisha upya kadiri awezavyo. Huyu hajakaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa. Sheria ya Kenya huruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 7 achukuliwe kuwa amefariki, na majirani walipomkumbusha hilo, alisema kwa sauti ya chini, "Aliyefiwa ana siku zake za kuhesabu. Mimi nahesabu nini?" Niliposoma baadaye kwamba kumtowesha mtu ni kosa linaloendelea hadi ajulikane aliko, sikuhitaji mfano wa kitabuni. Watoto wake wawili walikua wakiitwa "watoto wa gaidi" shuleni, ilhali baba yao hajawahi kusomewa shtaka hata moja.

Nilipomsimulia haya mwenzangu mmoja wa bwenini, ambaye binamu yake aliuawa Garissa, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Dada, haki za binadamu ni za binadamu. Waliomuua binamu yangu si binadamu." Sikumjibu papo hapo. Mtu aliyezika ana haki ya kusikilizwa kabla ya kubishiwa. Lakini nimeendelea kulifikiria neno lake, na jibu langu limetoka katika kesi yao wenyewe.

Mwaka 2019, baada ya miaka 4 ya kusikiliza mashahidi, mahakama jijini Nairobi iliwatia hatiani washtakiwa watatu kwa kula njama ya shambulio la Garissa. Mmoja alifungwa maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Mshtakiwa mwingine aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Katika uamuzi huo sentensi ilikamilika: wafiwa walielezwa hadharani nani alifanya nini. Na yule aliyeachiliwa anatufundisha jambo ambalo hatulipendi. Kama wote wangemalizwa usiku kando ya barabara, tungeshangilia "magaidi" kadhaa, na mtu ambaye hakuthibitishwa kuwa na hatia angekuwa miongoni mwao.

Sasa tulinganishe na kesi ya Westgate. Oktoba 2020 mahakama iliwatia hatiani wawili na kumwachilia mmoja. Siku moja baadaye aliyeachiliwa alitekwa na watu wenye silaha mchana, jijini Nairobi. Hakimu alikuwa amepima ushahidi na kutamka uamuzi. Watu wasio na majina wakautangua barabarani. Tendo la namna hiyo halimuumizi mtu mmoja peke yake. Linawaambia raia wote kwamba neno la mahakama si la mwisho, na huo ndio ujumbe ambao Al-Shabaab nao wanataka tuuamini.

Katiba yetu ya 2010 ililiona jambo hili mapema. Ibara ya 49 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa. Ibara ya 25 inataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na haki ya kuletwa mbele ya mahakama anapozuiliwa. Haikusema "isipokuwa kwa magaidi". Desemba 2014, nchi ikiwa na kilio cha Mandera, Bunge lilipitisha sheria kali za usalama katikati ya vurugu ukumbini. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo, kikiwemo kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, na ikaviacha vingine viendelee kutumika. Majaji hawakusema serikali isipigane na ugaidi. Walisema ipigane ikiwa ndani ya Katiba.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maadili mema, ila yanatuchelewesha kumshinda adui. Utafiti wa Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP) uliochapishwa mwaka 2017 unatoa jibu la vitendo. Watafiti walizungumza na watu waliojiunga na makundi yenye misimamo mikali barani Afrika, wakawauliza ni jambo gani hasa lililowasukuma kuchukua hatua hiyo. Asilimia 71 walitaja vitendo vya serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kwa hiyo kila anayepotezwa bila kesi huacha nyuma yake wadogo zake, binamu zake na marafiki zake, na wanaosajili vijana wanajua pa kuwapata. Kuheshimu sheria ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Wala ulinzi huo hauko mikononi mwa askari na majaji peke yao. Desemba 2015, mwaka mmoja baada ya mauaji ya abiria 28, washambuliaji walisimamisha basi jingine kaunti ya Mandera na kuwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao alikuwa mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi na kufariki Januari 2016 kutokana na majeraha hayo. Abiria wale walikataa watu wapangwe kwa dini zao kwanza, kisha waamuliwe wa kufa na wa kuishi. Nikimkumbuka mwalimu huyo, nashindwa kukubali kwamba mamlaka zetu nazo zipange watu kwa majina na mitaa yao.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Wengi wetu tutakuwa watangazaji, wahariri, walimu, wakalimani wa mahakama. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa kila hatua ya haki: mshukiwa, mshtakiwa, mfungwa, na pia aliyeachiliwa huru. Kila neno lina mahali pake, na kati ya neno moja na jingine kuna kazi ambayo lazima ifanywe na mtu anayejulikana kwa jina na cheo. Kichwa cha habari kinapoandika "Gaidi auawa" kuhusu mtu ambaye hakuwahi kusimama kizimbani, kimeruka hatua zote hizo kwa maneno mawili tu, na kauli ya kutendwa imemficha aliyefyatua risasi. Msomaji wa asubuhi hatajua kwamba kuna swali lililopaswa kuulizwa.

Kwa hivyo naomba jambo dogo linalowezekana. Tukiandika habari za namna hii, tuandike "mshukiwa" mpaka mahakama iseme vinginevyo, hata pale tunapokuwa na hasira. Tukiambiwa mtu "amechukuliwa", tuulize amechukuliwa na nani. Na saa 24 zikipita, tuulize tena, kwa maandishi, na tutie jina letu chini. Kuuliza hivyo si kuwatetea wauaji wa Garissa. Ni kutaka binamu wa mwenzangu na mke wa fundi wa simu wapate kitu kilekile: jibu lililotolewa hadharani, na mtu wa kuwajibika nalo.