Meseji Mbili za Chuo na Shamba Moja la Miti: Binti wa Matamba Alivyochagua

Mdau, meseji ya kuchaguliwa chuo ni tamu ikija moja. Zikija mbili, usingizi unaisha.

Yalimkuta hayo binti mmoja wa Matamba, kule Makete, mlangoni kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Jina lake kapuni. Alisoma CBG kwenye shule moja Njombe mjini, matokeo yakatoka, akapata C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Jiografia. Kwa hesabu za TCU hizo ni pointi 8. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kwa hiyo mtoto yuko vizuri tu.

Meseji ya kwanza ikaingia: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani kwenyewe, kozi ya sosholojia. Kabla hajamaliza kuruka ruka, ikaingia ya pili: SUA, Morogoro, kozi ya agronomia, yaani sayansi ya mazao shambani.

Utaratibu unaujua. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unathibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyoombea. Dirisha likifungwa hujathibitisha, imekula kwako. Yeye zilikuwa zimebaki siku nne.

Ukweli ni kwamba moyoni alishaamua. Saa hiyo hiyo alitupia status: "Dar tunakuja", na vimoto vitatu. Marafiki zake wa form six walishafungua grupu la WhatsApp la watakaokwenda Mlimani, na yeye yumo. Mtu akimuuliza "umepata chuo gani?", jibu "Mlimani" linatoka kifua mbele. Jibu "SUA" linafuatiwa na swali: "Kwa hiyo unaenda kusomea kulima?" Na mtoto wa Makete ameshika jembe tangu hajajua kuandika. Ukimwambia akasomee kulima anaona kama unamrudisha nyumbani.

Sasa, ile sosholojia ilitoka wapi? Ilitoka steshenari. Siku ya kuomba vyuo foleni ilikuwa ndefu, mtandao unasuasua, jamaa wa kompyuta akamuuliza, "Dar nikuwekee ipi?" Akajibu, "Weka yoyote inayopokea CBG." Jamaa akashusha kidole, akaweka. Miaka mitatu ya maisha ya mtu ikaamuliwa ndani ya sekunde kumi, na kijana ambaye nyuma yake kuna watu tisa wanasubiri kuprinti. Hili siyo la huyu binti peke yake. Ukijikuta hapo unasoma unacheka kwa aibu, ujue mko wengi.

Agronomia aliiweka mwenyewe, kwa sababu moja. Mwaka aliokuwa form three, viazi vya nyumbani kwao vilikauka shamba zima, majani yanalala chini huku udongo una maji. Baba akadhani ni mkono wa mtu. Baadaye bwana shamba akaja, akakata kiazi katikati, akawaonyesha ute unaotoka kwenye ile pete ya ndani: mnyauko bakteria. Akawaambia ugonjwa unakaa kwenye udongo, na unasafiri kwenye mbegu. Binti hakuisahau ile pete.

Sasa turudi kwenye hela, maana ndipo mchezo ulipo.

Makete na Njombe, benki ya mzee ni miti. Mtoto anazaliwa au anaanza shule, mzee anapanda misindano. Mti wa miaka 10 unakatika, lakini mbao zake nyembamba. Ukiuacha ufike 18 na kuendelea, bei ni nyingine kabisa. Mzee huyu alikuwa na mashamba mawili ya miti. La kwanza lilishakatwa kumsomesha kaka yake binti. Lililobaki lilikuwa na miaka 10.

Mkopo wa Bodi alikuwa ameomba, lakini siku za kuthibitisha chuo orodha za mikopo zilikuwa hazijatoka. Kwa hiyo anachagua chuo bila kujua atapata asilimia ngapi au kama atapata kabisa. Ada ya vyuo vya serikali kwa kozi nyingi inacheza kwenye milioni moja na kidogo kwa mwaka. Bado kula, bado chumba, bado nauli. Mnunuzi wa mbao alishafika, akahesabu miti kwa macho, akataja bei ya kuumiza. Mzee akasema, "Kama ni Dar, nauza yote. Jina la Mlimani siyo la kuliacha."

Binti akapanda gari. Akashuka zile kona zaidi ya hamsini za mlima wa Matamba hadi Chimala, akashika barabara kuu ya Tanzam mpaka Makambako. Anamfuata kaka yake.

Kaka ni bodaboda. Kijiwe chake kipo karibu na stendi, pale mabasi ya Songea na Njombe yanapokutana na ya Mbeya na Dar. Nyumbani wanajua alisoma chuo kimoja mjini, nacho jina kapuni, na kwamba kozi yake ilifutwa akiwa mwaka wa pili. Mzee aliamini bila maswali, maana alishasikia mambo ya namna hiyo: mwaka 2016 TCU ilifunga kampasi ya chuo kimoja kule Songea, wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Kwa hiyo kwa mzee ilikuwa bahati mbaya ya mwanawe tu.

Wakakaa kwenye banda la chipsi. Binti akaeleza yote, hadi habari ya mnunuzi wa mbao. Kaka akaacha kula.

"Baba anataka kuuza yote?"

"Amesema kama ni Dar, yote."

Kaka akakaa kimya muda. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kozi yangu haikufutwa. Nilidisko."

Kumbe yeye alichagua ile kozi kwa sababu washkaji zake watatu waliichagua. Tangu mdogo alikuwa fundi wa redio na sola za kijiji kizima. Mbeya pale kulikuwa na MUST, chuo cha sayansi na teknolojia, karibu na nyumbani, na mwalimu wake alimwambia aombe. Akaona Mbeya ni baridi ileile, ataonekana hajatoka. Akaenda mjini kwenye kozi yenye hesabu kila muhula, wakati hesabu ndizo zilizomtoa jasho form six. Mkopo ukaja nusu. Hosteli akakosa, akapanga chumba mbali, anaamka saa kumi kugombania daladala. Sapu za kwanza mbili, muhula uliofuata tatu. Wale washkaji watatu wakasonga mbele, kwao kozi iliwafaa. Yeye jina likabandikwa. Na deni la Bodi halikufutika kwa sababu ya kudisko, bado anadaiwa. Ukiajiriwa, makato ni 15% ya mshahara. Yeye hata huo mshahara hana.

"Chuo hakikuwa na shida," akasema. "Nilienda kuchukua jina, ndilo nililopata."

Hakumwambia achague SUA. Alimuuliza maswali, na haya ndiyo ya ku-screenshot:

Umesoma orodha ya masomo ya hiyo kozi, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho? Siyo jina la kozi, masomo yenyewe. Yapi ungeyasoma saa tano usiku ukiwa umechoka?

Mkopo ukija nusu, ile nusu nyingine inatoka wapi kila muhula mpaka mwaka wa mwisho? Usipige hesabu ya mwaka wa kwanza tu. Bumu la kula na kulala lilipanda toka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, lakini ni kwa aliyepewa.

Ukikwama, au ukiumwa katikati ya muhula, nani anaweza kukufikia?

Field utafanya wapi? Na siku ya kwanza baada ya kumaliza, unaamka unaenda kugonga mlango gani?

Binti akatoa simu. Akafungua kozi zote mbili, akasoma masomo moja moja huku chipsi zinapoa. Za sosholojia alizisoma kama mtu anayesoma masharti ya mtandao wa simu. Kwenye agronomia akakutana na magonjwa ya mimea, akasimama. Field akaiona bila kutafuta: TARI Uyole pale Mbeya wanafanya utafiti wa viazi, na viazi wanavyofanyia utafiti ni vilevile vinavyojaa malori ya lumbesa kutoka kwao.

Tuelewane hapa. Mlimani siyo pabaya. Chuo kilianza 1961, kikawa chuo kikuu kamili 1970, na Kikwete na Magufuli wote wamepita pale. SUA yenyewe ilizaliwa humo humo, ilikuwa kitivo cha kilimo cha Mlimani hadi 1984. Rafiki mkubwa wa huyu binti yuko Mlimani anasoma sheria, alichokililia tangu form two, na pamemkaa kama nguo ya kushonewa. Sosholojia nayo ina watu wake wanaoipenda kweli. Shida ni kuvaa nguo ya mwenzako kwa sababu imempendeza yeye.

Kesho yake kaka hakuingia kijiweni. Walipanda Matamba wote wawili.

Usiku, motoni, akamwambia mzee ukweli. Hakuzunguka. "Baba, kozi haikufutwa. Nilifeli. Ile miti uliyokata niliipoteza mimi. Usikate hii yote kwa ajili ya jina."

Mama akashika mdomo. Mzee hakusema kitu. Akachochea moto, akasimama, akaenda kulala.

Binti hakupata usingizi. Alfajiri, baridi ile ya moshi kutoka mdomoni, akamsikia mzee anagonga dirisha la kaka. "Wewe. Kama umemaliza kudanganya, amka tukapogolee miti." Wakaondoka na mapanga wawili. Walirudi saa sita mchana, wanaongea habari za mbolea.

Saa kumi jioni binti akaingiza namba ya siri, akathibitisha SUA. Kisha akafuta ile status. Akasema kufuta status ilimuuma kuliko kuandika namba. Kwenye grupu akaandika "Mimi naenda Moro", akatoka. Wawili wakamtania, mmoja akamfuata inbox: "Umewezaje? Mimi kozi yangu hata siielewi."

Mkopo ulikuja, siyo wote. Mzee alikata robo tu ya shamba, nyingine imebaki inanenepa. Na isionekane kama muvi ya Kihindi: mwaka wa kwanza alipata sapu ya somo moja, akalia, akarudia, akafaulu. Sasa yuko mwaka wa pili. Likizo iliyopita alifika nyumbani, akakagua mbegu za viazi za mzee kabla hazijaingia shambani, akazikataa magunia mawili. Mzee alinuna siku nzima. Hakuzipanda.

Kaka bado yuko Makambako, ila jioni anasoma umeme wa majumbani, na abiria wakimuuliza kama alisoma, anajibu: "Nilisoma, nikafeli, narudia."

Haya mdau, wewe kozi yako uliichagua mwenyewe, au alikuchagulia jamaa wa steshenari? Tiririka hapo chini, hatucheki mtu.