Mshale wa Redio

Waliokuwa watoto miaka ya 1970 wanaikumbuka kazi hii: taarifa ya habari ikikaribia, mmoja wao hutumwa kutafuta stesheni. Anasogeza swichi kutoka MW hadi SW, kisha anazungusha kitufe polepole, kwa ncha za vidole. Nyuma ya kioo mshale mwekundu unatambaa, unapita miluzi, mikwaruzo, Kiarabu, Kifaransa, mpaka Kiswahili kijitokeze. Akizidisha kidogo tu, kimepotea.

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Deutsche Welle 1963. Wasikilizaji walijua zinapokaa, na wapo waliotia alama ya kalamu juu ya kioo. Lakini alama moja haikutosha. Masafa mafupi, yaani SW, husafiri mbali kwa kurudishwa chini na tabaka la juu la angahewa, na tabaka hilo hubadilika jua likizama. Kwa hiyo stesheni ya mchana kwenye mita 25 huenda usiku ikahamia mita 31 au 49. Namba hizo ni urefu wa wimbi: gawanya 300 kwa 31, unapata karibu megahezi 9.7.

Watu walijifunza hayo kwa vidole, bila darasa.

Ndani ya redio, kitufe kilivuta uzi mwembamba uliozungushwa kwenye magurudumu madogo. Uzi uleule ulisogeza mshale na kugeuza bamba za kapasita, ambazo zikiingiliana zaidi, masafa hushuka. Uzi ukikatika, kitufe kinazunguka bure na mshale umeganda. Fundi alifungua kasha, akafunga uzi mpya, akaurudisha mshale mahali pake kwa kufuata stesheni anayoifahamu.

Kisha FM ikaenea. Nchini Tanzania, stesheni ya Radio One ilianza 1994. Zikaja redio za tarakimu zinazoruka kutoka stesheni hadi stesheni, na yale yaliyokuwa katikati hayasikiki tena. Hiyo ni hasara ya kweli: hakuna anayekutana na lugha asiyoitafuta.

Hata hivyo mshale haujatoweka. Baadhi ya redio ndogo za leo bado zina kioo na kitufe cha kuzungusha, ila uzi hauigusi tena kapasita. Kitufe hubadilisha volteji tu. Chipu huipima, ikachagua masafa yenyewe.