Tenga Kabla ya Kupika



Huku Galula, mkoani Songwe, nashona magauni ya harusi. Mwongozo wa kitaifa unahimiza mwanafunzi apate angalau mlo mmoja shuleni, na wazazi tunachangia mahindi na maharage. Lakini Jumamosi na Jumapili jiko la shule halina moto. Kabla ya mavuno kuna mtoto anayeshindia chai ya rangi, akiisubiri Jumatatu.

Kila Ijumaa kina mama tunapeleka unga na maharage kimya kimya, asiaibike mtu. Kwa kila gauni, mimi natoa kilo mbili za mchele.

Bi harusi, ukipanga pilau, tenga fungu la jirani kabla ya kupika, si ukoko wageni wakishaondoka. Suratul Insan, aya ya 8, inawasifu wanaolisha chakula wanachokipenda.