Skrini Iliyoganda kwenye Nyuzi 4

Nilipanda matatu ya alfajiri kutoka Nakuru kwenda Njoro nikijua aibu inanisubiri. Kituo cha kupoza maziwa kilikuwa kimenipigia: skrini inasema nyuzi 4, lakini maziwa yamechacha. Mzee mlinzi alinipokea langoni. "Kijana, hii mashine yako haikufa. Ingekufa skrini ingezimika, nami ningekupigia usiku uleule."

Kauli hiyo ndiyo iliyonigeuza.

Programu ya kuonyesha joto kwenye skrini ile niliiandika mwenyewe kwa C, na nilijivunia ujanja mmoja. Ikigusa kumbukumbu isiyo yake, ishara ya SIGSEGV ingeita funksheni yangu, nayo ingekusanya msururu wa miito kwa backtrace, kuupa majina kwa backtrace_symbols, kuuchapa kwa printf, kisha programu ife.

Haikufa. Kosa lilizuka ndani ya malloc, kufuli la kumbukumbu likiwa limeshikwa. Funksheni yangu ikaita backtrace_symbols, ambayo nayo huomba kumbukumbu kwa malloc. Ikasubiri kufuli lifunguliwe, na aliyelishika ni programu ileile iliyokuwa ikisubiri. Stima ilipopotea usiku, kompyuta ilibaki kwenye betri ikionyesha joto la jioni.

Siku hiyo ndipo niliposoma kwa makini ukurasa wa signal-safety katika mwongozo wa Linux, wenye orodha ya funksheni salama wakati wa ishara. Printf haimo. Malloc haimo. Write imo.

Nimebadilika. Sasa naita backtrace mara moja programu inapoanza, kwa kuwa wito wa kwanza unaweza kupakia maktaba ya libgcc na kuamsha malloc. Ishara ikija, natumia backtrace_symbols_fd, ambayo huandika moja kwa moja kwenye faili bila kuomba kumbukumbu. Funksheni hiyo ya ishara nimeitengea staki yake kwa sigaltstack, maana staki ikifurika hapabaki pa kusimama. Halafu narudisha SIG_DFL na kuituma ishara upya. Faili na mistari natafuta mezani kwa addr2line. Backtrace yenyewe haimo kwenye orodha ile, kwa hiyo sijidai nimemaliza hatari, nimeipunguza.

Mzee bado hunitania: "Imekufa mara ngapi mwezi huu?"

"Mara mbili, mzee," namjibu, bila aibu hata chembe.