Sauti ya Gitaa la Besi

Mwalimu hutoa hukumu nyingi kwa siku moja, na si zote huwa za haki. Nataka kusimulia moja iliyokuwa ya dhuluma, ambayo ilinifunza fizikia kwanza, kisha adabu.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilipiga gitaa la besi katika bendi ya wanachuo. Huko nilishika imani moja, kwamba sauti ya gitaa ni mti wake. Tulisifu miti ya ash na alda, ambayo Leo Fender wa Marekani alichongea magitaa yake, naye ndiye aliyetoa besi iitwayo Precision mwaka 1951. Nilihitimu, na imani hiyo nikatoka nayo.

Katika mwaka wangu wa tano kazini, mvulana wa kidato cha tatu alileta katika chama cha muziki besi aliyoiunda pamoja na baba yake, ambaye ni seremala. Ilikuwa ya mgrevilea, mti upandwao mipakani mwa mashamba na kuishia mekoni. Niliipiga. Sauti ilitoka hafifu, yenye ukungu, kama ya mtu asemaye ndani ya blanketi. Nikasema mbele ya wenzake, "Mti wa kuni hauimbi." Wote walicheka, ila yeye. Alichukua gitaa lake akaenda zake, na kwa wiki mbili hakuonekana chamani.

Kutokuwapo kwake kulinisumbua. Nikaanza kusoma ili nipate kujitetea. Nikasoma, nikakosa utetezi.

Katika gitaa lisilo la umeme, ubao wa juu ndio usukumao hewa. Kwa hiyo mti ni kinywa chake. Gitaa la umeme ni jambo jingine. Chini ya nyuzi zake hukaa kidude kiitwacho pikapu, jina tulilozoea kuliita gari dogo la mizigo. Ndani yake mna sumaku, iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma utetemapo juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya, ukaenda kwenye kikuza sauti. Uzi mnene wa besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na umeme hupanda na kushuka vivyo hivyo. Pikapu husikia mwendo wa uzi tu. Funga nyuzi za nailoni, nayo itakuwa kiziwi.

Tena mahali ilipo pikapu ni jambo kubwa. Karibu na shingo uzi hucheza sana, na sauti huwa nene. Karibu na daraja, ambapo uzi umeshikwa, unene hupungua na ukali hujitokeza. Ndiyo sababu besi ya Fender iitwayo Jazz, iliyotoka mwaka 1960, ilipewa pikapu mbili, mpigaji azichanganye apendavyo.

Nilimwita yule mvulana tukalichunguza gitaa lake. Pikapu ilikuwa imefukiwa ndani ya mti, mbali na nyuzi, kwenye ncha ya shingo. Baba yake alichimba tundu jipya upande wa daraja, nasi tukaiinua hadi ikakaribia nyuzi. Mti ulikuwa ule ule, na pikapu ile ile. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa safi, yenye nguvu, na kila noti ilijitenga na mwenzake.

Je, mti hauna kazi? Unayo. Noti moja ya uzi mwembamba ilikufa upesi kuliko jirani zake, kwa kuwa shingo ilitikisika pamoja na uzi na kuunyang'anya nguvu. Mti hushika ncha mbili za uzi: ukiwa imara, uzi huimba kwa muda mrefu, ukilegea, uzi hunyamaza mapema. Basi mti una neno lake, ila nililifanya kuwa neno pekee.

Siku ya chama nilisimama mbele ya wenzake wale wale, nikakiri kwamba nilihukumu kabla ya kuchunguza, na nikamwomba radhi. Nilitazamia anilaumu. Aliinamisha kichwa, akajibu, "Hata mimi, Mwalimu, nilidhani ni mti."

Jibu hilo liliniuma kuliko lawama. Kosa langu lilikuwa limemfanya mtoto aidharau kazi ya mikono ya baba yake.