Ziwani siku ya yenga

Goma. Ibada ikiisha, watu wengi hushuka Ziwa Kivu. Wamama wanafua, vijana wanaogelea, watoto wa wakimbizi wanajaza bidoni kisha wanaruka majini. Mamba hakuna. Wengine wanakaa tu kutazama Nyiragongo, mlima uliochoma mji mwaka 2002 na viunga vyake 2021. Hata hivyo ni mzuri, nani atakataa?

Lakini kwa ndugu waliofika juzi kutoka Masisi: kuna hatari isiyo na moto. Ni mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mashimoni, zaidi usiku na asubuhi upepo usipovuma. Haionekani. Mkikuta ndege au panya wamekufa bondeni, pandisheni watoto haraka. Wao huzidiwa kwanza, maana pua zao ziko karibu na udongo.